Sahani Saba kwa Ndoo Moja ya Maharagi

Mama Keren hatupi kitu. Kitu pekee kinachotoka jikoni mwake bila kufanya kazi ni moshi, na hata huo kwanza unakausha majani ya sombe, yaani ya muhogo, aliyotundika chini ya nyasi za paa, ndipo anauruhusu uende. Maji yaliyochemsha maharagi ni supu ya asubuhi. Ukoko wa bukari, yaani ugali, ule unaoshika chini ya sufuria, anaubandua kwa kijiko, anauanika juani, na mwisho wa mwezi anautwanga unakuwa uji wa Dany. Dany ni mutoto wake wa pili. Ana miaka miwili, na anaamini kwamba uji wote duniani una harufu ya kuungua.

Jina lake la ubatizo ni Noëlla, lakini kambini, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia, wanamuita kwa jina la binti yake mukubwa. Ana miaka ishirini na saba. Alivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, na mudogo wake Princesse, bidon moja ya mafuta na ndoo moja ya maharagi. Siku zile wengine walikuwa wanalilia mabati na baiskeli walizoacha. Yeye alilia juu ya mihogo aliyoiacha majini, imebaki siku moja tu kutolewa.

Kila mwaka watu wa semina wanakuja kambini kumufundisha mutu kama huyo namna ya kubana chakula. Mwaka jana alikuja bibi mumoja na makaratasi mazuri ya rangi: mapishi kumi ya nyumba yenye akiba ndogo. Pishi la kwanza lilianza hivi: toa siagi kwenye friji. Wanawake hamsini waliangalia ile karatasi kwa adabu. Mama Keren aliikunja vizuri akaenda nayo nyumbani, na haiwezi kusemwa kwamba semina haikumusaidia. Mpaka leo karatasi ile inafunika kopo la chumvi, na chumvi haijalowana hata mara moja.

Siku ya kugawa posho, majirani wanakula vizuri siku tatu na kumuomba Mungu siku ishirini na saba. Mama Keren anakaa chini na unga, anaugawanya katika vifuko vidogo vya plastiki, kifuko kimoja siku moja, na kila kimoja anakifunga kwa fundo lake: mara mbili kushoto, mara moja kulia, ncha inaingizwa ndani. Hakuna mutu mwingine anayefunga vile, sababu hakuna mutu mwingine mwenye wakati. Vifuko ni vya watoto. Kinachobaki nje ya vifuko ni cha wakubwa, na wakubwa wanajua kuvumilia. Angalau Octave, mume wake, anasema anajua. Octave ni fundi wa redio, kazi ya heshima sana mahali ambapo kila mutu ameshahamia kwenye simu.

Basi ilikuwa Januari, na ziwa lililo karibu limefungwa, hakuna ruhusa ya kuvua. Kila mwaka wanalifunga kutoka Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae kwa amani. Samaki walikuwa wanazaa. Watu walikuwa wanakula mihogo.

Princesse alikuwa ameshapatana na kijana wa Kabuta, kijiji cha kando ya ziwa, anayeitwa Chishimba, Muzambia, ambaye ziwa likiwa wazi anabeba samaki kwa baiskeli mpaka vijiji vya ndani. Kijana mwenyewe alikuwa mupole, na baiskeli yake ilikuwa na breki zote mbili, kitu ambacho Princesse alikitaja kila mara aliposifu tabia yake. Mambo ya mahari yalikuwa yamesemwa yakaisha. Asubuhi moja akafika Davison, yule mujumbe wa ndoa ambaye Wabemba wanamuita shibukombe. Alikaa, akanywa maji, akasifia maji, kisha akasema kilichomuleta.

"Bakwe wanangojea chakula."

"Chakula gani?" Mama Keren akauliza.

"Ya kuonyesha moto. Chilanga mulilo. Mwanamuke anapika, watu wake wanabeba, wanapeleka kwa watu wa mwanaume."

"Na kama hatupeleki?"

"Ndoa haivunjiki," Davison alisema kwa huruma ya mutu aliyelipwa na upande mwingine. "Ni vile tu Chishimba hataweza kula kwa Princesse. Na bana Kalumba, mama yake mukubwa aliyemulea, anasema hivi: kama moto hauonyeshwi Jumamosi hii, ziwa likifunguka kijana ataenda Puta na mutumbwi wa mujomba wake, na kule Puta wasichana wako, na moto wao unaonekana kutoka mbali."

Princesse, aliyekuwa anaosha vyombo nyuma ya ukuta, aliacha kuosha. Sahani moja tu ilisikika ikiwekwa chini polepole, na Mama Keren akajua kwamba mudogo wake analia.

Davison alipoondoka, Mama Keren alimuita Jessy, jirani yake, mwanamuke wa Zambia aliyeolewa na Mukongomani na kwa hiyo alijua mambo ya pande zote mbili, hata yale ambayo hayakuwepo.

"Ni sahani saba kwenda juu," Jessy alimuambia, akihesabu kwa vidole. "Kuku muzima, na wanahesabu vipande, firigisi ni ya bwana. Nyama. Samaki mukubwa. Kisha majani, karanga, vile vyote. Unafunua moja moja, unapiga magoti, unasema hii ni nini na inaliwa namna gani." Akakunja vidole vyake. "Na bana Kalumba ametuma neno lingine."

"Neno gani?"

"Wasilete maharagi. Amesema, maharagi ya kambi tunayajua."

Mama Keren aliangalia ndoo yake. "Sasa Jessy, niambie kitu kimoja. Hii chakula maana yake ni nini?"

"Ni kumuonyesha mwanaume na watu wake kitu atakuwa anakula mu nyumba yake."

"Kitu atakuwa anakula kweli?"

"Eee. Njo maana yake."

"Basi ni vyepesi," alisema Mama Keren.

Jessy alimuangalia kwa wasiwasi. Watu wote wa ziwa wanajua kwamba ile chakula ni kuonyesha, na kwamba kuonyesha na kula ni vitu viwili. Mwanamuke wa Kabuta anaweza kupeleka kuku watatu Jumamosi na kumupa mume wake bwali, ile bukari yao, na chumvi kutoka Jumapili mpaka siku ya kufa, na hakuna mutu atamuuliza. Lakini Mama Keren hakuzaliwa Kabuta. Alisikia maneno vile yalivyosemwa, akayachukua vile vile, kama unga: bila kumwaga hata kidogo.

Alienda kwenye stoo, yaani kona iliyo nyuma ya kitanda. Vifuko kumi na nane vya unga, siku kumi na nane mpaka posho nyingine. Hivyo havikuwa chakula, vilikuwa watoto. Ndoo ndogo ya maharagi. Nusu mufuko wa karanga aliyolima mwenyewe. Mihogo mikavu. Majani makavu ya sombe na ya maharagi. Mafuta, urefu wa kidole kimoja ndani ya chupa. Chumvi, chini ya friji ya bibi wa semina. Vitunguu vitano na pilipili. Maembe yalikuwa kwa jirani. Yaliyo mutini yalikuwa ya jirani, na yaliyoanguka yalikuwa ya Mungu.

"Tuchinje kuku," Octave alisema nyuma yake.

"Kuku gani?"

"Ile yetu."

"Ile inataga."

"Siku zingine inataga, siku zingine inafikiri tu."

"Hata wewe siku zingine unafikiri tu, na hakuna mutu amekuchinja."

Octave alivumilia. "Mama Keren, ni heshima ya familia. Batasema Bakongomani hatuko na kitu."

"Na tuko na nini?"

"Hatuna kitu. Lakini si vizuri wakijua."

Alhamisi jioni Mama Keren alilowesha maharagi, ndoo nzima, na Ijumaa akaanza kupika. Alichoma maganda makavu ya ndizi, akachuja majivu yake kwenye kitambaa, akapata maji ya kahawia. Kijiko kimoja cha maji yale ndani ya sufuria, na maharagi yanaiva kwa nusu ya makala ya moto. Kijiko kimoja, si viwili. Ukiweka viwili umepika sabuni. Princesse alikaa karibu na mbabula, lile jiko la makaa, macho yamevimba, anapepea.

"Yaya, dada yangu, wamesema hawataki maharagi."

"Wamesema pia wanataka kuona kitu Chishimba atakula. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Mimi nilichagua kimoja."

"Na wakikataa?"

Mama Keren alifunika sufuria. Yeye alikuwa amemubeba huyu mutoto mugongoni mwake siku tatu barabarani, na mutoto mwenyewe akiwa na miaka kumi na mbili, muguu umechomwa na mwiba. Hakuwa na hamu ya kumurudisha nyuma tena. "Wakikataa, itakuwa wamekataa kitu kitamu," alisema. "Pepea."

Hivi ndivyo alivyofanya, kwa yule anayetaka kujua. Maji yaliyochemsha maharagi aliyamwaga kwenye sufuria nyingine, akatia karanga zilizotwangwa laini na kitunguu, akayaacha yapungue mpaka yashike mwiko: supu, sahani ya kwanza. Maharagi yaliyoiva aliyasugua kati ya mikono mpaka maganda yakaelea, akayatoa. Sehemu moja aliiponda na pilipili na konzi moja ya unga wa muhogo ili ishikane, akaifinyanga mabulete, viduara vidogo, akayakaanga kwenye yale mafuta ya kidole kimoja, matano matano, akigeuza kila mara. Sehemu ya pili aliiponda na kitunguu, akaifunga kwenye majani ya ndizi, akayapanga juu ya sufuria iliyokuwa inachemka kazi nyingine. Moto mumoja, ghorofa mbili. Sombe kavu aliirudisha kwenye maji, akaipika na karanga, na maharagi mazima yakaingia ndani mwisho. Majani ya maharagi yenyewe yakawa sahani ya tano, sababu mumea uliozaa sahani nne si vizuri kuuacha nyuma. Mihogo mikavu ilichemshwa na kupondwa pamoja na maharagi mpaka ikawa nzito, na juu yake karanga za kukaanga. Ya saba, maembe yaliyoanguka: aliyapika peke yake mpaka yakawa kama asali, akayachanganya na maharagi yaliyopondwa laini kabisa, akayakoroga mpaka mukono ukachoka, akayamwaga kwenye sahani yapoe. Ukiikata inasimama kama keki. Ukiionja, inasema embe.

Bukari haikuhesabiwa. Bukari ni sakafu, watu hawahesabu sakafu.

Jumamosi lori la mihogo liliwabeba mpaka njia panda ya Kabuta, na kutoka pale wakashuka kupanga mustari: wanawake wa kwaya, kila mumoja na sahani iliyofunikwa kichwani, Jessy mbele akianzisha nyimbo, Octave nyuma na shati iliyopigwa pasi. Mama Keren mwenyewe alibeba sombe. Waliimba juu ya amani ya nyumba. Baada ya hatua chache Mama Keren aligeuza macho, kichwa hakikugeuka, akahesabu sahani. Zilikuwa nane.

Akapunguza mwendo mpaka Octave akamufikia.

"Ile sahani ya mwisho ni ya nani?"

"Ni ya kwetu."

"Mimi nilipika saba."

"Nilijua utapika saba. Mimi nikaongeza moja. Ni surprise."

"Inanuka samaki."

"Hata surprise iko na harufu yake."

"Octave. Samaki mbichi, na ziwa limefungwa. Umeitoa wapi?"

"Davison anajua batu. Jessy njo amepika. Ni ya kuokoa heshima yetu, utanishukuru."

"Ulilipa na nini?"

Octave aliangalia ziwa, kama mutu anayeliona kwa mara ya kwanza. "Unga kidogo tu."

"Unga gani?"

"Vifuko vinne. Vilikuwa vingi, mama Keren, hata havionekani."

Kuna siku mwanamuke angepaza sauti, lakini si siku ambayo ana sombe kichwani na kwaya mbele yake inaimba kwamba mume ni taa ya nyumba. Mama Keren alitembea. Alipiga hesabu yake: siku nne ambazo Keren na Dany watakula heshima ya familia, asubuhi na jioni, bila chumvi.

Nyumba ya bana Kalumba ilikuwa karibu na maji, mitumbwi imegeuzwa mgongo juu mbele yake, nyavu zimekunjwa juu ya kamba. Bana Kalumba alikuwa mwanamuke mukubwa mwenye kiti chake mwenyewe. Kiswahili chake alijifunza kwa kuuzia samaki Wakongomani miaka ishirini. Kilikuwa na namba zote na njia kumi za kukataa. Kulia kwake aliketi ndugu yake, ba Webby, mujomba wa Chishimba. Ba Webby alikuwa mukubwa wa kamati ya kijiji inayolinda ziwa wakati limefungwa, na hata kwenye sherehe alikuwa amevaa kile kizibao cha manjano cha kamati, pengine samaki wajue kwamba hajalala. Chishimba alikaa chini, macho kwenye mukeka, kama anayengojea sindano.

Kabla ya kufunua, maji ya kunawa yalitakiwa. Mama Keren aliinuka. "Nitaleta, ba mayo," akasema, neno la Wabemba la kumuita mama kwa heshima. Bana Kalumba alifungua mudomo kumukataza, lakini mugeni alikuwa ameshapita nyuma.

Jikoni kulikuwa na mbabula, na juu ya mbabula sufuria moja, na ndani ya sufuria maembe mabichi yanachemka na chumvi. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mchana cha watu wasiotaka maharagi. Hapakuwa na kitu kingine, si mufuko, si kapu. Isipokuwa kwenye rafu, nyuma ya kikombe, vifuko vinne vya plastiki vimepangwa vizuri. Mama Keren alisogea karibu. Mara mbili kushoto, mara moja kulia, ncha imeingizwa ndani.

Alivigusa kimoja kimoja, hakuvichukua. Halafu akachukua maji, akarudi, akawanawisha mikono bakwe mumoja mumoja, bana Kalumba wa kwanza.

Akapiga magoti, akafunua.

"Hii ni supu. Inaliwa asubuhi. Ni maharagi na karanga."

Shingo ya bana Kalumba ilisimama. Wanawake wa pembeni walisukumana viwiko.

"Na hii?"

"Mabulete. Mutu akikosa nyama anakula hii anasahau. Ni maharagi."

"Na hii, mu majani?"

"Maharagi, ba mayo."

Mutu mumoja alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Ilikuwa ni Chishimba.

"Hii?"

"Sombe."

"Sombe tupu?" bana Kalumba aliuliza, na kidogo matumaini yalisikika.

"Na maharagi. Hii ya tano ni majani yake. Hii ya sita ni mihogo, na ndani mule iko..."

"Tumeelewa," alisema bana Kalumba. "Mimi nilituma neno. Shibukombe, nilituma neno ao sikutuma?"

"Ulituma," Davison alisema, akiwa na uso wa mutu ambaye kazi yake ni kubeba maneno, si kuyaangalia yakianguka.

"Sasa mumenifanyia hii ni nini? Ni dharau?"

Princesse, chini ya kitambaa chake kati ya wanawake wa kwaya, alikivuta mpaka kidevuni. Mama Keren hakuinua macho, sababu ni adabu, na pia sababu alikuwa anafikiri.

"Ba mayo, niliuliza maana ya hii chakula. Waliniambia ni kuonyesha kitu mutoto wenu atakuwa anakula. Kama ningeleta kuku, kesho angeniuliza kuku iko wapi. Mudogo wangu hatamuletea kuku. Lakini kwa ndoo moja ya maharagi atamulisha siku saba, na kila siku atafikiri ni kitu kingine. Hii nimeonyesha ni kweli. Muionje kwanza, mbele ya kuikataa."

Ba Webby alikuwa ameshachukua bulete moja. Alikuwa mutu wa doria, hakungojea ruhusa. Alitafuna, akaacha kutafuna, akaendelea. Akachukua la pili. Wanawake wa pembeni, ambao tumboni mwao kulikuwa na maembe mabichi tangu wiki mbili, walianza kusogea na mukeka wenyewe. Mumoja alionja ile keki ya embe, akafunga macho. "Awe," alisema kwa Kibemba, yaani hapana, polepole, "hii haiwezi kuwa maharagi." Bana Kalumba aliendelea kukaa kama nguzo, lakini pua yake haikuwa na kiburi kama yeye, ilikuwa inageukia sahani moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo Jessy, aliyeona mambo yanaelekea kuwa mazuri na akataka yawe mazuri zaidi, alisogeza sahani ya nane katikati, akapiga magoti, akafunua kwa mikono miwili.

"Na hii njo samaki."

Ilikuwa samaki kweli: pana, si ya kukaushwa, imevuliwa jana, tomati juu ya mugongo. Njaa iliingia kwenye kila uso pale, kisha, uso mumoja mumoja, wakakumbuka ni mwezi gani, na wakageuka kuangalia kizibao cha manjano.

Ba Webby aliweka chini bulete yake ya nne. "Samaki hii inatoka wapi?"

Octave aliangalia Davison. Davison aliangalia paa, ambalo ghafla lilikuwa na mambo mengi. Jessy aliangalia sahani. Bana Kalumba peke yake hakumuangalia mutu na hakushangaa. Alikuwa anachezea pindo la chitenge chake, na Mama Keren aliona. Nyavu ambazo kamati inakamata ziwani zinaenda kuchomwa mbele ya watu wote. Samaki walio ndani ya nyavu, hakuna siku mutu aliwaona wakichomwa.

"Nimeuliza," ba Webby alisema, lakini sasa kwa sauti ndogo, sababu na yeye alikuwa ameangalia pindo la chitenge cha dada yake. Alionekana kama mutu aliyepiga hodi akakuta ni nyumba yake.

Neno lilikuwa linamungojea Mama Keren, na lilikuwa tamu kuliko embe. Angeweza kulisema lote: rafu, kikombe, fundo. Bana Kalumba asingeinuka tena kwenye kile kiti. Na Princesse angeolewa na nani baada ya hapo, na angemuita nani mama?

"Yama," alimuambia ba Webby, yaani mujomba, "sahani hii si ya kwetu. Mimi nilipika saba, kila mutu hapa amezihesabu. Hii ilipotea njia ikaingia mu mustari wetu. Mwenye nayo ataitambua, ataichukua kwa wakati wake, na kile alichopewa juu yake atakirudisha. Sisi kwetu ni maharagi."

Bana Kalumba aliinua macho. Wanawake wawili waliangaliana, labda kwa mara ya kwanza kama wanawake wawili wenye watoto na rafu.

"Funika hiyo samaki," bana Kalumba alisema. Halafu, baada ya kukohoa kidogo: "Ziwa limefungwa. Watu wa nyumba hii hatuli kitu kimefungwa. Mutoto, sogeza hapa hayo maharagi."

Chishimba alisogeza. Bana Kalumba alionja supu, akaonja ya majani, akakaa na keki ya embe mudomoni muda murefu, akiitafutia kosa. Hakulipata, akachukua nyingine aendelee kutafuta.

"Moto tumeuona," alisema mwishoni, na akaangalia upande wa Princesse. "Huyu musichana anajua kupika yote hii, ao ni dada tu?"

"Anajua, ba mayo," alisema Mama Keren. "Yeye njo alipepea."

Vigelegele vilipigwa. Chishimba na rafiki zake walipewa sahani zao, na hapakubaki hata ganda la kitunguu. Samaki ilirudishwa jikoni, imefunikwa, na habari zake hazikusikika tena. Kamati haikuandika kitu, na kijijini wanasema labda ilirudi yenyewe majini.

Kwa desturi yao chombo hakirudi kitupu. Kwa hiyo jioni, bana Kalumba alipoleta sahani zilizooshwa, ndani ya moja kulikuwa na maembe, ndani ya nyingine chumvi kidogo, na ile ya nane ilikuwa nzito, kitambaa kimefungwa juu yake.

"Ni zawadi ya watoto wako," alisema, akiangalia ziwa.

Mama Keren aligusa kupitia kitambaa. Vinne. "Asante, ba mayo. Mumefunga vizuri sana."

"Mm," alisema bana Kalumba.

Octave, njiani, alisema kwamba yote yameenda vizuri, na kwamba kwa kweli ile samaki ndiyo ilisaidia. Alilala bila chakula usiku ule. Hakuna aliyemunyima, sufuria tu ilikuwa imeshaoshwa.

Harusi iliwekwa kwa mwezi wa pili, mwishoni, ili Princesse aende Puta na mume wake siku ziwa linafunguka. Princesse aliacha kulia akaanza kukataa kila kikwembe, kitambaa cha harusi, alichoonyeshwa, na ndipo Mama Keren akajua kwamba sasa ana furaha.

Jumanne iliyofuata baiskeli ilisimama mbele ya nyumba, Chishimba anatoka jasho, na nyuma, juu ya kibao cha samaki, bana Kalumba amekaa kama kwenye kiti chake. Alishuka. Mkononi alikuwa na kifungu ndani ya chitenge.

"Nimepita kusalimia," alisema, kama mutu anayepita kilomita nyingi hivyo kila Jumanne.

"Karibu, ba mayo."

Alikaa karibu na mbabula. Aliuliza habari za Keren, za Dany, za kuku. Kisha akafungua chitenge. Yalikuwa maharagi, kopo mbili hivi, mekundu na meupe yamechanganyika, na mawe yake.

"Si yangu," alisema. "Kuna mutu kijijini anataka kujua. Yale madogo ya kukaanga."

"Huyo mutu ameyalowesha?"

"Hakujua."

Mama Keren alileta bakuli la yake, yaliyolowa tangu jana na kuchemshwa asubuhi, akaliweka katikati yao. Alimuonyesha: kati ya viganja, hivi, usibonyeze, ganda litatoka lenyewe. Mikono ya bana Kalumba, iliyopasua samaki miaka ishirini, ilikuwa na haraka sana. Maharagi ya kwanza yalipondeka yote.

"Polepole, ba mayo. Hayakimbii."

"Samaki ni rahisi kuliko hii."

"Samaki imefungwa."

Bana Kalumba alimuangalia kwa pembe ya jicho. Kitu kilitikisika chini ya kidevu chake, na pengine kilikuwa kicheko, lakini hakukiruhusu kutoka. Aliendelea kusugua. Keren alikuja akakaa kati yao, akaanza kuyachukua maganda yaliyoelea na kuyapanga pembeni.

"Na haya maganda," bana Kalumba aliuliza baada ya muda, "huyo mutu ayatupe?"

"Ayatupe wapi?" alisema Mama Keren. "Hayo somo lake ni wiki ijayo."